KUCHORONGA SI KUCHIMBA
Maelezo ya Maneno Yatumikayo katika Utafutaji wa Dhahabu

Kitenzi kuchimba kimepewa kazi nyingi mno katika lugha yetu. Mkulima huchimba shimo la mgomba, wanakijiji huchimba kisima, na mtu mwenye siri huchimbwa na wadadisi. Hivi leo mtambo ukisimamishwa juu ya kilima ukatoboa mwamba kwa bomba jembamba, ili ijulikane kama chini mna dhahabu au hamna, watu husema vilevile: "Wanachimba dhahabu." Sentensi hiyo si kweli. Hapana dhahabu iliyochimbwa hapo, na mara nyingi haitachimbwa kamwe. Kilichotoka chini ni unga wa mawe au vipande vya mwamba vilivyotiwa mifukoni na masandukuni, vikapelekwa kupimwa.

Makala haya yakusudia mambo mawili. La kwanza ni kueleza, hatua kwa hatua, kazi ya kutafuta dhahabu kwa kuchoronga hapo inapoanza. La pili ni kuyapima maneno tunayoitumia kazi hiyo, tuone yapi yanaonyesha na yapi yanapoteza. Mahali pa kupimia maneno hayo nimechagua wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, na hasa kata kama Kitura. Sikuichagua Kitura kwa kuwa ina mgodi wa dhahabu. Nimeichagua kwa kuwa wenyeji wa upande ule wanaishi katikati ya kazi tatu za ardhini zisizofanana. Wilayani mwao, huko Ngaka, makaa ya mawe yalianza kuchimbwa kibiashara mwaka 2011. Kusini-magharibi, katika kata ya Mpepo, wachimbaji wadogo hutafuta dhahabu. Kata hiyo imo katika wilaya ya Nyasa, iliyokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na kijiji kimoja cha wachimbaji hao kimejipatia jina la Darpori, jiji na pori katika neno moja. Na mashambani mwao wenyewe wana kilimo cha ngoro. Basi mtu wa huko akisikia neno kuchimba ana picha tatu kichwani, na mtambo wa uchorongaji si hata mojawapo.

1. Shimo, tundu na duara

Wamatengo wa Mbinga hawana haja ya kufundishwa maana ya shimo. Ngoro zao zajulikana mbali nje ya Ruvuma. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari ikatanayo, mteremko mzima ukawa miraba miraba; kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufukia nyasi hizo, hata mlima ukapata sura ya sega la nyuki. Mvua inyeshapo, maji hutuama mashimoni badala ya kuteremka pamoja na udongo. Shimo, basi, ni uwazi ambao mtu aweza kuuingia, au walau kuingiza mkono na jembe, akatoa kilichomo au akatia apendacho.

Tundu ni jambo jingine. Twasema tundu la sindano, tundu la pua, tundu la ufunguo. (Tundu la kuku na la ndege tuliache kando, maana yake ni nyingine ijapokuwa umbo ni moja.) Kwa tundu kitu hupita, au jicho huchungulia; hapana aingiaye kwenda kuchukua mali. Uwazi unaoachwa na mtambo wa uchorongaji una upana wa sentimita 8 hadi 15 hivi, na kina cha makumi ya mita, pengine mamia. Ni tundu, wala si shimo. Magazeti yaandikapo kwamba kampuni fulani "imechimba mashimo 40," msomaji huona machoni pake ardhi iliyobomolewa. Na mwenye shamba huuliza, kwa haki kabisa, dhahabu iliyotoka katika mashimo hayo 40 imekwenda wapi.

Wachimbaji wadogo wana neno la tatu, nalo ni duara, wingi maduara. Darasani duara ni umbo la mviringo. Machimboni ni shimo la wima ambalo watu huliteremkia, kuta zake zikishikiliwa kwa matimba, yaani magogo. Neno hili lina faida kubwa, kwa kuwa halichanganyiki na lolote: asemaye duara amesema pia kwamba kuna mtu chini.

Kwa upande wa vitenzi, lugha haikungoja mitambo ije ndipo ipate vya kutumia. Kutoboa ni neno la jumla. Kupekecha ni kutoboa kwa kuzungusha, kama wafanyavyo wapekechao moto kwa vijiti. Seremala ana kekee yake. Lakini katika taarifa za Wizara ya Madini na za Shirika la Madini la Taifa, yaani STAMICO, neno lililoshika ni kuchoronga. Na kutokana nalo tumepata uchorongaji, mchorongaji, na mtambo wa uchorongaji. Naliona kuwa neno jema kwa sababu mbili. Kwanza, lakubali minyambuliko bila taabu: mwamba huchorongwa, kampuni huchorongewa na mkandarasi, na mwenye leseni huchorongesha. Pili, halina harufu ya mali. Achimbaye hutarajiwa kutoka na kitu. Achorongaye hutarajiwa kutoka na habari.

2. Yanayotangulia tundu

Uchorongaji ni ghali, kwa hiyo hauanzi. Hutanguliwa na kazi za bei nafuu zaidi, ambazo lengo lake ni kupunguza eneo. Wataalamu huanza na ramani za miamba. Kazi ya kuzichora ramani hizo katika nchi yetu ilipata idara yake Dodoma mwaka 1925, na leo imo mikononi mwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Hufuata mchanga wa vijito, kwa sababu maji huteremsha chembe kutoka milimani, na afuataye chembe hizo kwenda juu aweza kufikia zilikotoka. Huko Lupa, katika Chunya, dhahabu ya mchangani ilijulikana mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 maelfu ya watu walikuwa wakiosha mchanga wa mito ile. Mishipa yenyewe ya mwambani ilitafutwa kwa kufuata nyayo za mchanga.

Baada ya vijito huja udongo. Watu hutembea kwa mistari iliyopimwa, wakichota udongo kila baada ya hatua kadhaa. Hapa vipimo ni vidogo ajabu. Udongo wenye dhahabu gramu 50 katika tani 1,000 waweza kuhesabiwa kuwa umezidi kawaida, ingawa hapana mtu awezaye kupata riziki kwa kuuosha. Mahali pa namna hiyo huitwa pana dalili. Neno hili limechaguliwa vema. Dalili ya mvua ni mawingu. Walakini si kila wingu hunyesha, na mkulima hapandi kwa wingu moja. Penye dalili hukatwa mtaro wa uchunguzi hata mwamba uonekane, na mwamba ukitia moyo, ndipo mtambo huitwa.

Yafaa kuangalia kwamba katika hatua zote hizi kitenzi ni kimoja, kutafuta. Kutafuta hakuahidi kupata. Lugha yenyewe imetenga vitenzi hivyo viwili, nasi hatuna ruhusa ya kuviunganisha kwa sababu tu ya shauku.

3. Namna mbili za kuchoronga

Katika hatua za mwanzo hutumika hasa namna mbili.

Namna ya kwanza hutumia hewa. Kompresa husukuma hewa yenye nguvu ndani ya bomba lenye kuta mbili, bomba ndani ya bomba. Hewa huteremka katika nafasi iliyo baina ya kuta hizo, huendesha nyundo iliyoko chini inayoponda mwamba, kisha hurudi juu kwa njia ya katikati ikibeba vipande vya mawe. Kwa kuwa vipande hupanda ndani ya bomba, havigusi kuta za tundu, wala havichanganyiki na mawe ya juu. Kila mita moja ya kina hupewa mfuko wake. Mawe ya mfuko hugawanywa kwa chombo cha kugawia, zikapatikana kilo mbili au tatu za kupelekwa maabara. Na konzi moja huoshwa na kuwekwa katika kisanduku chenye vyumba, ili mwanajiolojia asome rangi na aina ya miamba mita kwa mita. Namna hii ni ya haraka, na gharama yake ni ndogo kuliko ya pili.

Namna ya pili hutumia almasi. Ncha ya bomba ni pete iliyopachikwa chembe za almasi. Pete huzunguka, maji yakiipoza, nayo hukata mwamba kwa mzunguko na kuacha katikati kipande kirefu cha mviringo, ambacho hupanda juu kikiwa kizima. Kipande hiki napendelea kukiita mche wa mwamba, kwa mfano wa mche wa sabuni tuujuao sote. Miche itumikayo sana ina upana wa milimita 63.5 au 47.6. Hupangwa katika masanduku marefu kwa utaratibu wa kina, huandikwa, kisha hupasuliwa kwa msumeno kwa urefu wake: nusu moja huenda maabara, na nusu ya pili hubaki sandukuni. Unga wa mawe hueleza mna nini. Mche hueleza pia kimelala vipi. Kwa hiyo aghalabu huanza hewa, na almasi huletwa pale ambapo hewa imeonyesha jambo.

Wapitao njia hushangaa kuona mtambo umeinama kana kwamba utaanguka. Sababu yake ni hii. Dhahabu nyingi ya mwambani hukaa katika mishipa ya jiwe jeupe gumu, au kando yake, na mishipa hiyo huwa imesimama au imeinama. Bomba likiteremka wima sambamba na mshipa, laweza kuukosa kabisa, au likishaingia lisitoke upesi. Tuseme mshipa una unene wa mita 2, nao umeinama kwa nyuzi 80 kutoka ulalo. Tundu la wima litakalouingia litasafiri ndani yake mita 11 na nusu hivi kabla ya kutoka upande wa pili. Asomaye taarifa na kukuta "mita 11" atadhani mshipa ni mnene, kumbe ni njia ndefu katika kitu chembamba. Hapa lugha ina maneno mawili yapasayo kutunzwa mbalimbali: urefu wa mkato, na unene wa mshipa. Taarifa itajayo la kwanza bila la pili imesema nusu ya habari.

4. Kwa nini dhahabu si kama makaa

Mtu wa Mbinga aliyeona uchorongaji wa makaa ya mawe aweza kuuliza: mbona kwa makaa matundu machache yalitosha, na kwa dhahabu hawaishi kurudi? Swali ni la haki, na jawabu limo katika miamba yenyewe. Makaa ya Ngaka yamo katika miamba ya Karoo, iliyotandazwa tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu. Ukitoboa hapa ukakuta ukurasa wa makaa, na ukitoboa nusu kilomita mbele ukakuta ukurasa uleule, waweza kusema kwa matumaini kwamba ukurasa umepita katikati, isipokuwa pale ulipopasuliwa. Mshipa wa dhahabu haufuati adabu hiyo. Hunenepa na kukonda, hukatika na kuruka. Na ndani ya mshipa mmoja chembe za dhahabu hukusanyika mahali fulani na kukosekana hatua chache mbele.

Tupige hesabu. Mche wenye upana wa milimita 47.6 na urefu wa mita moja, katika mwamba wa kawaida, una uzito wa kilo 4.8 hivi. Matundu yakiwekwa kwa umbali wa mita 40 kila upande, kila tundu lasemea mraba wa mita 1,600. Ukigawa mraba huo kwa eneo la mche, utaona kwamba kila kilo ya mche inasemea karibu kilo 900,000 za mwamba ambao hakuna mtu aliyeuona. Na bado mche wenyewe haupimwi wote. Nusu yake husagwa, na katika unga huo maabara huchukua gramu 30 au 50. Ikiwa mwamba una gramu 5 za dhahabu kwa tani, basi katika gramu 50 za unga mna robo milligramu ya dhahabu, chembe isiyoonekana kwa jicho.

Chembe hiyo hutafutwa kwa moto. Unga huchanganywa na oksaidi ya risasi pamoja na madawa mengine na kuyeyushwa. Risasi ikusanyikapo chini huikusanya na dhahabu. Donge la risasi huwekwa katika kikombe cha majivu ya mifupa na kutiwa tena tanuruni. Kikombe hunyonya risasi, na hubaki ushanga mdogo wa madini ya thamani, ambao huyeyushwa kwa asidi ili dhahabu yake ipimwe. Ili maabara nayo ichunguzwe, mwenye kazi huchanganya katika sampuli zake jiwe tupu linalojulikana kuwa halina kitu, unga ambao kiasi chake cha dhahabu kinajulikana tayari, na pacha wa sampuli iliyokwisha kupimwa. Maabara ikileta dhahabu katika jiwe tupu, matokeo yote hutiliwa shaka.

5. "Imepatikana"

Sasa tuje kwenye neno ambalo, kwa maoni yangu, limeleta hasara kuliko yote. Matokeo ya kwanza yarudipo, habari huenea: "Dhahabu imepatikana."

Kitenzi kupatikana kimetokana na kupata, kikaongezewa viambishi -ik- na -an-. Minyambuliko ya namna hii hubeba maana mbili kwa pamoja, ya hali iliyokwisha kuwa na ya uwezekano. "Samaki wanapatikana" maana yake waweza kwenda kununua. "Mtoto aliyepotea amepatikana" maana yake yuko mikononi mwa wazazi. Basi "dhahabu imepatikana" katika sikio la Mswahili ni sentensi iliyokamilika: dhahabu ipo, imeshikwa, na atakaye aweza kuifikia. Alichotaka kusema mwanajiolojia ni kwamba tundu moja limekata mshipa, na kwamba sehemu ya mkato huo ina dhahabu. Kati ya kauli hizi mbili pana miaka mingi, na pengine pana pengo lisilovukwa.

Neno la pili la kuangaliwa ni dogo zaidi, nalo ni kihusishi -a. Taarifa yasema: "Tundu limetoa mita 10 za dhahabu." Mita 10 za kitambaa ni kitambaa kitupu, kwa hiyo mita 10 za dhahabu, kwa sarufi yetu, ni dhahabu tupu mita 10. Kilichokusudiwa ni mita 10 zenye dhahabu, na hata hivyo kwa kiasi cha gramu chache katika kila tani. Tofauti ya -a na -enye twaifundisha darasa la chini. Hapa imekuwa tofauti ya mtu kuuza ng'ombe wake anunue kiwanja na mtu kutulia.

Wastani nao huficha. Tundu lililokata mita 10 zenye wastani wa gramu 2 kwa tani laweza kuwa na gramu 2 katika kila mita. Laweza vilevile kuwa na mita moja yenye gramu 20 na mita tisa zisizo na kitu. Hesabu ni moja, milima ni miwili. Msikilizaji ana haki ya kuuliza ni upi.

Ngazi zilizobaki zina majina yake, nayo yasirukwe. Matundu yakiwa mengi ya kutosha, wataalamu hukadiria rasilimali ya madini, nayo ina daraja tatu kwa kadiri ya uhakika: iliyokisiwa, iliyoonyeshwa, na iliyopimwa. Baada ya hapo huhesabiwa gharama za kuchimba, kusaga na kuchenjua, maji, umeme, barabara na fidia. Sehemu ya rasilimali ambayo baada ya hesabu hizo bado yaacha faida ndiyo huitwa akiba. Waswahili husema akiba haiozi. Nao wanajiolojia wamelitumia neno kwa uzito huohuo, kwani akiba ni kile ambacho mtu aweza kukitegemea. Kuiita dalili kuwa akiba ni kumwambia mwenye njaa kwamba ghala limejaa kwa kuwa ameona wingu.

6. Chumvi katika sampuli

Kiswahili humwambia azidishaye habari kwamba ametia chumvi. Kwa sadfa nzuri, Waingereza hulitumia neno la chumvi kwa hila ya kutia dhahabu kutoka nje katika sampuli zisizokuwa nayo. Hila hiyo iliushtua ulimwengu mwaka 1997, ilipofichuka kwamba Busang, katika kisiwa cha Borneo nchini Indonesia, mahali palipotangazwa na kampuni ya Bre-X ya Kanada kuwa pana hazina kubwa mno ya dhahabu, hapakuwa na dhahabu ya kuchimbwa. Sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu ya kutoka kwingine. Miche ya mwamba ya huko ilikuwa ikipondwa yote, bila kubakizwa nusu. Hivyo hapakuwa na ushahidi wa kurudia, hata wapimaji wengine walipochoronga upya kando ya matundu ya zamani na kukuta utupu. Kanada ilitunga masharti makali ya taarifa za madini, yaliyoanza kutumika mwaka 2001. Nusu ya mche iliyolala sandukuni, ambayo mpita njia huiona kuwa mawe yasiyo na kazi, ndiyo shahidi wa kazi yote.

7. Leseni na karatasi ya kijiji

Tuseme sasa kwamba wageni wafika katika kijiji cha kata ya Kitura na karatasi, wakaomba mkutano. Mwenyekiti asoma kwamba wana leseni. Mzee mmoja auliza: "Leseni ya kuchimba?" Na pengine ajibiwa kwa wepesi: "Ndiyo, ya kuchimba."

Hapo neno limeingia katika sheria. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ilitenga leseni ya utafutaji na leseni za uchimbaji. Ile ya utafutaji, ilipotungwa sheria hiyo, iliwekewa miaka 4 ya kwanza, ikaruhusiwa kuhuishwa kwa miaka 3, kisha kwa miaka 2. Nayo haimpi mwenyewe idhini ya kuanzisha mgodi. Leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo ni ya Watanzania, iliwekewa miaka 7. Tangu marekebisho ya mwaka 2017 usimamizi wa leseni hizo uko chini ya Tume ya Madini. Kwa mwanakijiji tofauti hizi si za makaratasi. Mtafutaji ahitaji njia ya mtambo na kiwanja kidogo cha kuusimamisha. Fidia yake ni ya mibuni na mazao yaliyokatwa mahali hapo, na tundu likiisha hupasa kuzibwa. Mchimbaji wa mgodi huhitaji ardhi yenyewe, na fidia yake ni ya makazi na maisha. Aliyeambiwa "kuchimba" wakati wa kutafuta huweza kuacha kupalilia mibuni yake akingoja fidia isiyokuja. Na mbuni ulioachwa hauponi kwa msimu mmoja. Huweza pia kutokea kinyume chake: akazoea kwamba "kuchimba" ni jambo dogo la mtambo mmoja na majuma machache, akaja kuweka sahihi kwa jambo kubwa akidhani ni lilelile.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Badiliko hilo limetupa sisi wa taaluma ya lugha mzigo ambao zamani ulibebwa na Kiingereza. Neno lisilo na mpaka likiingia katika hati, mwananchi ndiye atakayelipa gharama ya uzembe wetu.

8. Faida kwa mchimbaji mdogo

Isidhaniwe kwamba maneno haya ni kwa ajili ya makampuni tu. Mchimbaji mdogo wa duara, tangu zamani, ametafuta kwa kuchimba: alitumia nguvu, matimba na fedha za kukopa ili kujua kama mshipa upo. Kazi yake huitwa uchimbaji wa kubahatisha, na bahati ikimkosa hupoteza vyote, pengine na uhai. STAMICO, lililoanzishwa mwaka 1972, lilizindua mwaka 2023 mitambo ya uchorongaji kwa ajili ya wachimbaji wadogo, wapate kujua kabla ya kuteremka. Hivyo mchimbaji mdogo anaweza kutenganisha vitenzi viwili ambavyo umaskini ulikuwa umeviunganisha. Lakini aliyelipa fedha ya kuchorongewa matundu matatu, na yote yakaja matupu, atasema ameibiwa, iwapo aliamini kwamba amelipia kuchimba. Akijua kwamba alinunua habari, ataona kwamba tundu tupu limemwokoa na duara tupu.

9. Mapendekezo

Kwa hayo yote napendekeza mambo machache yatumike katika hati, magazetini na mikutanoni. Kuchoronga litengwe na kuchimba, na tundu litengwe na shimo. Badala ya "dhahabu imepatikana," isemwe "tundu limekata mshipa wenye dhahabu," na itajwe ni gramu ngapi kwa tani, katika unene gani. Dalili, rasilimali na akiba zisibadilishane mahali. Baraza la Kiswahili la Taifa, pamoja na Tume ya Madini na wanajiolojia wa Dodoma, wangefanya jambo jema kama wangetoa orodha fupi ya istilahi hizi, kurasa mbili au tatu tu, ikabandikwa katika kila ofisi ya kijiji kunakopelekwa mtambo.

Wakati orodha hiyo ikingojewa, mwenyekiti wa kijiji chochote, Kitura au kwingineko, aweza kuwauliza wageni wake maswali matatu kwa Kiswahili kilichopo. Je, leseni yenu ni ya kutafuta au ya kuchimba? Mtatoboa matundu mangapi, wapi, na nani atayaziba? Na mkirudi na habari, mtatuambia kitu kimekatwa, kimekadiriwa, au ni akiba? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano kwa maneno hayohayo yaliyotumika, kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.